Mzee wa Gari la Kijivu

Kila anapotaka kuondoka hapa gereji kwetu Aleksandria, mzee wa gari la kijivu hushika kwanza mlango wa abiria, akakumbuka, akazunguka kwa aibu hadi kwenye usukani. Vidole vyake ni laini, na chai yetu ya mnanaa huinywa amesimama. Juzi alikuja injini ikigonga kama karanga kwenye kikaango. Nikampa bisibisi, nikamwonyesha aweke ncha kwenye injini na mpini sikioni. Akafumba macho.

“Zamani halikuwa na kelele hii, fundi.”

“Unatia petroli gani, Hajji? Themanini au tisini na mbili?”

“Themanini. Si petroli ni petroli?”

Shenouda, jirani yetu anayeshona viti vya magari, akaangua kicheko. “Hiyo ni hafifu, katie trekta, babu! Mkeo hakukufundisha?”

“Alikuwa akiendesha na kujaza mwenyewe, Mungu amrehemu. Mimi nilikuwa nimepakata mikate.”

Shenouda akarudi kwenye cherehani yake. Nikaimwaga ile petroli, nikatia tisini na mbili, nikarekebisha moto wa plagi, nikawasha. Kule kugonga kukaisha kabisa. Mzee akanirudishia bisibisi, akashukuru, akaenda kushika mlango wa abiria kama kawaida yake. Safari hii hakuzunguka. Aliingia, akaketi, akatazama mbele. Injini ilikuwa imetulia mno, hata nikausikia mkanda wake wa kiti ukifungwa.