Mlango Wenye Inchi Mbili za Upindo

Kuna watu mjini Kitui ambao mpaka leo wakiniona hawaniangalii usoni, wanaangalia kaptula, na sababu wanayo. Miaka imepita, nimekuwa mzee wa kanisa, nimeoza meno mawili, lakini nikipita sokoni bado nasikia mama fulani akimnong'oneza mwenzake, halafu wote wawili wanainamia viazi vyao mabega yakitikisika. Kwa hivyo afadhali niwaeleze mwenyewe, maana wengine wakieleza huongeza chumvi, na haya mambo chumvi ilikuwa imeshatosha.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa kushuku. Nikipewa chai yenye maziwa mengi nauliza kuna nini. Mtu akinisalimu mara mbili kwa siku moja, ile salamu ya pili naiweka kando niichunguze. Kazi yangu ilikuwa kushona, cherehani yangu ilikaa kwenye baraza la duka karibu na soko, na mshonaji husikia mengi akiwa amemzungushia mtu tepu kiunoni, kwa hivyo nilijua kila mtu ana lake analolificha.

Tulikuwa tunaishi Landhi ya Mawe, safu ya nyumba nane zilizoshikana ukuta kwa ukuta, zilizojengwa wakati wa Mzungu kwa ajili ya makarani wa barabara. Milango minane ya mbao, yote ya kijani, yote sawa, na madirisha ya vioo vidogo sita sita. Miaka ya themanini ilipoanza wakaja wageni kutoka Nairobi na kamera, wakapapasa kuta, wakatikisa vichwa kwa furaha, na baada yao watu wa kanjo, yaani baraza la mji, wakapigilia kibao mwisho wa safu: haya ni majengo ya kumbukumbu, mtu asibadilishe mlango wala dirisha bila ruhusa ya maandishi. Sisi tukacheka, kwa sababu hata kunguni wetu sasa walikuwa wa kumbukumbu.

Shida ni kwamba mlango wangu ulikuwa umeliwa na mchwa mpaka ukiubisha unasikia vumbi likimwagika ndani yake, na madirisha yalikuwa yakiingiza upepo na mchanga, na mtoto wetu Kioko, miezi minne, alikuwa akikohoa. Mke wangu Mwende alikuwa ameshasema mara nyingi. Halafu habari zikafika kijijini Zombe kwa mama yake.

Na huyu mama mkwe ndiye chanzo cha mambo yote. Mnaijua nthoni ya sisi Wakamba, ile aibu ya heshima kati ya mtu na mama mkwe wake: hamtazamani usoni, hamkai chumba kimoja, mkikutana njiani mmoja anaacha njia. (Mchungaji wetu alisema hayo yamepitwa na wakati. Sisi tuliokoka, nthoni haikuokoka.) Kwa miaka miwili ya ndoa nilikuwa nimemwona mama huyo mara mbili tu, zote akiwa amenipa mgongo na leso kichwani. Ungeniuliza sura yake ningekueleza visigino.

Basi akatuma maneno: Jumapili atakuja kumwona mjukuu wake, na atajionea kwa macho kama hiyo nyumba ina mlango. Ikiwa haina, atarudi Zombe na watu wake wawili, Mwende na mtoto, na mimi nibaki na mchwa. Nilijua hafanyi mzaha. Sikulala vizuri wiki hiyo.

Sasa, mtu mwenye akili angeenda kuomba ruhusa. Lakini barua za kanjo zilikuwa zikipitia kwa Baba Wanjiru, jirani yetu kutoka Murang'a, aliyekuwa na duka la misumari na mafuta ya taa mwanzo wa safu, na huyu Baba Wanjiru nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akinywa chai na karani wa kanjo, tena karani ndiye alikuwa akicheka. Hiyo kwangu ilitosha. Na kama hiyo haitoshi, mara tatu alikuwa ameniita, "Baba Kioko, pita dukani, kuna karatasi yako hapa." Karatasi gani? Nikajua ni samansi ya kortini. Nikaanza kupita njia ya nyuma, kwenye mashimo ya takataka.

Nikaamua kubadilisha kimya kimya, Jumamosi, ofisi zikiwa zimefungwa, na niweke chuma, kwa sababu mchwa hali chuma. Fundi wa kuchomelea alikuwa Nzioka. Akataka kuja kupima. Nikakataa. Fundi akionekana na tepu mlangoni kwako, landhi nzima itajua kabla hajasoma namba, lakini mimi tepu iko shingoni kila siku, nani atashuku? Nikapima mwenyewe, nikijifanya naanika kitambaa. Na hapo ndipo mkono wangu uliponisaliti. Miaka kumi na miwili nimeshonea watoto wa shule, na mtoto wa shule humshonei kulingana na mwili alio nao leo, lazima uache upindo. Mkono ukaandika kila kipimo na inchi mbili juu yake, na mimi mwenye mkono sikujua.

Jumamosi ikafika. Mwende akampeleka mtoto kwa rafiki yake wa kanisani, asivute vumbi. Kufikia saa tatu Nzioka alikuwa ameng'oa mlango na madirisha yote, tukayafunika matundu ya madirisha kwa magunia, tukainua mlango wa chuma, na hapo kaptula yangu ya zamani ya mpira ikaachia mshono nyuma, kutoka juu mpaka chini (mshonaji hana wakati wa nguo zake). Shati nilikuwa nimelivua kwa sababu ya jasho. Mlango haukuingia.

"Baba Kioko," Nzioka akasema, "hii shimo imekuwa ndogo ama hii mlango imekua?"

"Pima tena."

"Nimepima. Imezidi inchi mbili. Madirisha pia, yote. Kwani uliandika nini hapa?"

Nikaitazama ile karatasi, nikauona mwandiko wangu.

"Ni za upindo," nikasema.

"Za nini?"

"Za kupinda."

Nzioka akaugonga mlango wa chuma kwa kidole. "Na hii nitapinda aje?"

Akapakia kila kitu kwenye mkokoteni akarudi karakana kukata, akasema atarudi saa tisa. Nikabaki peke yangu kwenye nyumba isiyo na mlango wala dirisha, siku ya soko, nikiwa kifua wazi, na nyuma wazi pia. Nikasema potelea mbali, mama mkwe ni kesho, leo ni kuvumilia tu.

Ndipo nikamwona yule mwanamke.

Nilimwona kupitia tundu la gunia. Alikuwa amesimama ng'ambo karibu na tangi la maji, kiondo mgongoni, leso imeshuka mpaka kwenye nyusi, na alikuwa akihesabu milango. Namaanisha kuhesabu kwa kidole, midomo ikitembea, kutoka dukani kwa Baba Wanjiru kuja huku. Alipofika kwangu kidole kikaruka. Akasita. Akarudi mwanzo akahesabu tena. Halafu akaenda mpaka mlango wa nyumba ya sita, akasimama hapo, akauchungulia, akaondoka. Nikajiambia, hawa kanjo siku hizi wamekuwa wajanja, wanatuma akina mama.

Kilichonimaliza ni pale alipoingia dukani. Nikamwona Baba Wanjiru akitoka naye nje, akanyoosha mkono, na huo mkono ulikuwa umelenga kwangu moja kwa moja. Nikasema, haya, ndiyo hii. Nikaunyakua ule mlango wa zamani, nikausimamisha kwenye nafasi yake, nikauegemeza kwa mgongo wangu kutoka ndani, miguu nimeikita sakafuni. Mlango wa kijani kama ile mingine yote. Nani atajua hauna bawaba?

Hatua zikaja. Zikasimama mbali kidogo. Mtu akakohoa mara tatu (na mngemsikia alivyokohoa, polepole, akingoja baada ya kila kikohozi, mngeshuku hata ninyi). Halafu ikaja sauti.

"Hodi kwa Mwende."

"Mwende hayuko."

"Na mwenye nyumba, yuko?"

Nikaifanya sauti yangu nzito. "Ametoka. Wewe unataka nini?"

"Mimi nimetumwa na roho yangu tu," sauti ikasema, "nimekuja kuona kama hii nyumba iko na mlango."

Niambieni, ningefanyaje? Mtu anakuja kwako anasema wazi wazi amekuja kukagua mlango. Nikawaka.

"Mlango si huo unauona? Nenda uwaambie waliokutuma mlango ni ule ule wa zamani, hata mchwa ni wale wale. Na uwaambie waache kutuma wamama kuzunguka manyumba za watu wakihesabu kama wezi wa kuku."

Nikasikia kidole kikigusa mbao, kwa upole, jinsi mtu anavyogusa kitu asichokiamini. Mlango ukacheza. Nikajua anasukuma aingie. Nikasukuma na mimi, kwa nguvu zangu zote, na yeye akaondoa kidole.

Mlango ukaenda nje, na mimi juu yake, chali. Nikatua kwenye changarawe na kishindo kilichosikika mpaka kwa wauza mahindi, vumbi la mchwa likapanda, na nilipofungua macho nilikuwa natazamana na uso wa mwanamke aliyeniinamia, mdomo wazi. Macho yake niliyajua, nilikuwa nikiyaona kila asubuhi nikipewa chai. Hata lile pengo la meno ya mbele nilikuwa nalo nyumbani.

Kwa wakati huo huo Mwende alikuwa anakuja na mtoto mgongoni, pamoja na akina mama wanne wa kanisa. Akasimama. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, na ndiyo ninayoisikia mpaka leo, "Baba Kioko. Huyo ni mwaitu."

Yaani, kwa Kikamba, mama yake. Kumbe lori la jirani lilikuwa linakuja mjini akaona apande siku moja mapema. Kumbe Mwende alikuwa amemwelekeza: mlango wa tano kutoka dukani, wa kijani, na yeye alihesabu milango, na wa tano haukuwako. Alikuwa akijificha na kukohoa ili anipe nafasi ya kuondoka, kama nthoni inavyotaka. Mambo yote niliyoyaona ya ujasusi yalikuwa heshima kwangu.

Mama akajifunika leso uso mzima, akachuchumaa, akanipa mgongo. Mimi nami nilitakiwa nitoweke machoni pake, sasa hivi, lakini nitowekee wapi? Nyumbani hakukuwa na mlango wa kufunga. Kwa hivyo nikafanya jambo la pekee nililoweza kulifikiria: nikauinua ule mlango, nikaushika mbele yangu kati yake na mimi, nikaanza kurudi kinyumenyume kuelekea dukani. Upande wa mama mkwe nilikuwa nimesitirika kabisa. Nilichosahau ni kwamba soko lilikuwa nyuma yangu.

Sikujua mpaka niliposikia kicheko kikianzia kwa wauza ndengu na kusambaa. Nikageuka kuangalia ni nini, na mlango ukageuka nami, basi nikawa nimeigeuzia familia ya mke wangu kaptula. Mwanamke mmoja akauliza, "Si huyo ndiye hutushonea?"

Baba Wanjiru alinivuta ndani ya duka, akanipa gunia nijifunge. Halafu akafungua droo akatoa karatasi.

"Wiki tatu nakuita," akasema. "Niliandikia kanjo kwa niaba ya nyumba zote nane. Wamekubali tubadilishe milango na madirisha. Ila iwe mbao, na iwe kijani."

"Nilifikiri ni samansi."

"Samansi ya nini? Ulikuwa umefanya nini?"

Nikalikaza gunia kiunoni. Nikamuuliza mbona alimwonyesha yule mama nyumba yangu kwa kidole. "Aliniuliza kwa Mwende ni wapi," akasema. "Ningemwonyesha kwa nini, kwa mguu?"

Mama hakuingia ndani. Alikaa kwenye kizingiti, mtoto mapajani, akiangalia barabara, na saa tisa, Nzioka akiwa anafika na mkokoteni wake, basi la Zombe liliondoka na watu wangu wote wawili, kama alivyokuwa amesema. Niliwaona kupitia dirisha la duka, nimevaa gunia. Nililia, na sioni haya kusema.

Zikapita wiki tano. Fundi wa mbao alikuja kupima mwenyewe, mimi tepu nikaifungia kwenye kasha. Mlango wa chuma Nzioka aliufungia banda la mbuzi wake, na anasema umetoshea sawasawa. Kisha nikanunua beberu, wazee wawili wakampeleka Zombe kuniombea msamaha, na mimi nikangoja sokoni, nimekaa juu ya jiwe, nikimshuku kila aliyepita akitabasamu. Jioni wazee wakarudi, na mmoja akanipa jibu kama alivyopewa.

"Mama amesema mlango si neno, mlango hutengenezwa. Alifikiri kisicho na bawaba ni mlango, kumbe ni mtu." Akakung'uta vumbi viatuni. "Lakini mbuzi amepokea."

Mwende na Kioko walirudi wiki iliyofuata. Niliapa siku hiyo kwamba karatasi nikiitiwa nitaenda kuisoma, hata iwe samansi, na kwamba mwanamke akikohoa nje ya nyumba yangu sitamuuliza nani amemtuma. Sijaacha kushuku, hilo siwezi kuwadanganya, lakini siku hizi nashuku nikiwa nimevaa suruali.

Naye mama mkwe hutujia kila baada ya mavuno. Hakohoi tena. Anasimama pale dukani, analegeza kiondo, na anaanza kuhesabu milango kwa Kikamba, kwa sauti, landhi nzima ikisikia: imwe, ili, itatu, inya. Mimi sijawahi kungoja afike itaano, mlango wangu.