Mama Chaki Alivyotugeuza Ukutani

Mnanisumbua. Mimi na kalamu hatujawahi kupatana, na bado mnataka nimwandike Mama Chaki, mwalimu wa Kiingereza katika shule ya misheni ninayofagia. Haya. Ametoka nchi ya mbali, na chaki humkaa mpaka kwenye nyusi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na yake ni shikamoo: huniamkia kila tukipishana, hata mara tano asubuhi hiyohiyo. Akisema na mtoto hupiga magoti sakafuni, kisha mimi ndiye wa kumkung'uta sketi huku namgombeza. Darasa likichafuka hapigi kelele. Hunong'ona, na watoto hunyamaza wasije wakapitwa.

Mjukuu wangu nyumbani ni kasuku, darasani alikuwa bubu. Sista mkuu akaja kumpima: asiposoma kwa sauti, anarudishwa chekechea. Mtoto akasimama, kitabu kimemfunika uso. Mama Chaki akasema, "Wote, tazameni ukuta." Akageuka yeye, watoto wakageuka. "Na wewe, sista, tafadhali." Sista naye akageuka, pua kwenye ramani! Nami pale mlangoni nikageuka na ufagio wangu. Ndipo tukasikia kisauti kikisoma Kiingereza, ukurasa mzima.

"Huyu harudi popote," sista akauambia ukuta.

Sasa nyumbani ni Kiingereza kutwa. "Bibi, nijibu basi!" Nimjibu nini mimi? Wewe unayesoma haya, kama unakijua, njoo kwangu jioni umjibu mtoto.