Blanketi Nililoligeuza

Krrr. Mpaka leo navisikia viti vya ukumbi ule vikikwaruza sakafu, watu wote wakigeuka kuutazama mgongo wangu, na kwa kuwa aibu yenyewe haifichiki, acha niisimulie mwenyewe.

Nilikuwa nasokota sufu kwa Mzee Salim, mfumaji wa mablanketi hapa Nakuru, na mwaka huo yalikuja mablanketi ya ng'ambo ya bei rahisi mno, yetu yakarundikana, mzee akatuambia hali ikiendelea hivyo atafunga karakana. Basi afisa wa biashara akaja kutoka Nairobi kuchunguza: ikiwa hao wa ng'ambo wanatuuzia kwa bei ya chini kuliko wanavyouziana kwao, mablanketi yao yatatozwa ushuru. Mzee akataka kila mfanyakazi aende ukumbini kwenye kikao chake amejitanda blanketi letu la kuazimwa, na mimi (kwa mdomo wangu huu) nikachaguliwa kusema.

Asubuhi ya kikao lile nililoazimwa lilikuwa bado bichi, maana nililifua jana yake ili ninukie mbele ya wakubwa. Nikachukua blanketi la ng'ambo nililomnunulia mama kwa siri na sijampelekea bado, maana alikuwa akitetemeka kwa baridi kule Njoro na letu sikulimudu. Nikaligeuza ndani nje, maua yasionekane (nikajiona nina akili), nikaenda.

Nilisema vizuri, jamani. Nilifika hata pale pa "anayenunua vitu vyao anatunyang'anya ugali", ndipo Mama Zuhura, msimamizi wetu, akaanza kukohoa. Nikadhani ni vumbi, mpaka nyuma yangu viti vikaanza kukwaruza.

"Binti," afisa akasema, "hebu geuka."

Lebo ilikuwa inaning'inia mgongoni, nyeupe pe, na jina la nchi yao.

"Kumbe mteja wao ndiye wewe," mmoja akasema, ukumbi ukacheka.

"Nilimnunulia mama," nikamwambia Mzee Salim, machozi yananitoka.

Mama Zuhura akasimama. "Bwana afisa, kabla hamjamcheka mtoto wa watu, isomeni hiyo lebo. Ina bei, kwa pesa za kwao."

Afisa akapiga hesabu, akaniuliza nililinunua kwa bei gani. Niliyolipa haikufika hata nusu ya ile ya kwenye lebo.

"Huu ndio ushahidi nilioukosa kote nilikopita," akasema, akaomba mkasi, akaikata lebo akaenda nayo.

Ushuru ukaja kuwekwa, karakana ikabaki wazi. Mzee Salim hakunifukuza, bali siku ileile ya kikao alinipa blanketi letu. "Mpelekee mama, mwambie namsalimu. Na hili usiligeuze." Mpaka leo nawaombea dua, yeye na Mama Zuhura, na sisimami tena mbele za watu kabla sijajikagua mgongo.

Jioni ile wenzangu walipokwisha kwenda, nilibaki karakanani peke yangu, nikalitandaza lile la ng'ambo magotini, nikaziba tundu la mkasi kwa uzi niliousokota mwenyewe.