Salamu Kabla ya Kamera

Mvua zilipoanza, ua wa mama yangu ulitoweka kwenye simu yangu.

Mimi nafanya kazi Kibondo. Yeye anaishi peke yake Titye, wilayani Kasulu. Aliwahi kuteleza uani akakaa chini mpaka jirani alipopita. Ndipo nikamfungia kamera mbili zisizo na waya wa mtandao, moja ikitazama mlango wa jiko, nyingine pale anapoanika maharage. Kila asubuhi kabla ya kazi nilimtafuta: kanga kiunoni, ungo mkononi, kuku nyuma yake. Nikishamwona amesimama, naanza siku.

Sasa kioo cha simu kiliandika tu kwamba kamera hazipatikani.

Nilianza kuandika kwenye daftari kila zilipopotea. Hazikupotea kila mvua, bali mvua za radi. Milimani kwetu radi haina mzaha. Ikianza kunguruma, mama hufunika kioo cha ukutani kwa kitambaa, huzima redio, hukaa kimya. Ruta, kile kifaa kinachozipa kamera mtandao, nayo ilikuwa imeingia kwenye utaratibu huo: anaichomoa pamoja na kamera, radi ikipita anairudisha.

Nikampigia. "Mama, taa ya ruta ina rangi gani?"

"Mwakeye," akajibu, akinisalimu kwa Kiha.

"Mama, niko kazini. Taa?"

"Na mimi niko kwangu. Hata fundi wa mabati husalimia kabla ya kupanda juu."

Jumamosi nilikwenda Titye. Nikamwomba afanye kama afanyavyo siku zote. Akachomeka ukutani soketi ya kuongezea, yenye ruta na kamera; zote zikawaka kwa pamoja. Hapo nikaliona kosa. Ruta huchukua dakika kadhaa kuamka. Kamera huamka upesi, hutafuta mtandao, hazioni kitu, zikanyamaza mpaka zichomolewe tena. Nikazichomoa, nikasubiri taa ya ruta iache kupepesa, nikazirudisha. Ua ukatokea.

Mama akajitazama kwenye simu yangu. "Kumbe mgongo wangu umezeeka hivi, na hamniambii!"

Lilibaki suala la kusubiri. Taa ile ndogo mama haioni vizuri, na saa yake ya ukutani ilisimama zamani. Nikamwambia, "Washa ruta, kisha nipigie tusalimiane. Salamu zikiisha, chomeka kamera."

Salamu zetu si fupi. Unapiga makofi taratibu, unaulizia nyumba, watoto, mifugo, shamba, majirani. Ukimaliza kuulizwa, unaanza wewe kuuliza. Tangu hapo, kila radi ikipita Kasulu simu yangu inalia, na kamera hazijapotea tena kwa zaidi ya dakika chache.

Fundi mmoja hapa mjini ameniambia kuna kifaa kidogo kinachochelewesha umeme wa kamera, mama asihitaji kumpigia mtu. Nimekiandika kwenye daftari. Sijakinunua.

Jana asubuhi wingu jeusi lilitanda upande wa Kasulu. Niliweka simu mezani, nikaongeza sauti ya mlio. Wingu likapita bila kunguruma. Kwenye kioo mama alikuwa akianua maharage, mzima kabisa. Simu haikulia.

Nikampigia mimi.

"Vipi, kamera zimepotea?"

"Hapana, zipo. Mwakeye, mama."

Kwenye kioo nikamwona anatua ungo, anabana simu begani, anaanza kupiga makofi.