Mimea ya Mwanamkuu haitaki huruma

Saa moja asubuhi, sebuleni kwake kijijini Utende, Mwanamkuu Abeid anabonyeza jani kwa vidole viwili. Ni nene na gumu. Anatabasamu, anahamia kifuu cha nazi kinachofuata. Vifuu vyenye mimea vipo mia na arobaini: dirishani, juu ya kabati, hata kwenye meza ya kuwekea wageni chai. Mwandishi alishika kikombe chake mkononi.

"Jani likiwa gumu lina maji yake. Likilegea ndiyo linaomba," anasema.

Mama huyu wa miaka 46 anaotesha mimea midogo ya ndani, ile yenye majani manene, na kuiuza kwenye nyumba za wageni na kwa watumishi wa serikali mjini Kilindoni. Kabla ya hapo alilima mwani miaka kumi na tano, mpaka mgongo ukagoma. Akiba yake yote ilinunua miche arobaini kutoka Dar es Salaam.

Akaiua karibu yote ndani ya mwezi mmoja.

Kosa lenyewe ni la mtu wa Jibondo. Mwanamkuu alizaliwa katika kisiwa hicho, enzi maji ya kunywa yakiletwa kwa mashua, na kumwacha mwenye kiu ilikuwa aibu ya nyumba nzima. Alipohamia Utende akakuta bomba. Basi akaimwagilia mimea asubuhi na jioni, kwa moyo mweupe kabisa.

"Niliona kuinyima maji ni dhambi. Inaoza, nami ndiyo nazidisha," anasimulia, akicheka. Wakati ule alilia.

Ilipobaki mitatu, alimwita Mfaume Kombo, mtunza bustani wa hoteli ya jirani.

"Dada, hii haiumwi. Umeizamisha," Mfaume alimwambia. "Iache wiki tatu."

Kuiacha ndiko kulikomshinda. Siku ya pili tu alijikuta ameshika kata ya maji. Akaibeba miche yote mitatu hadi kwa jirani yake, Bimkubwa, akamsihi asimruhusu hata kuichungulia.

"Alikuja kila siku na visingizio," anasema Bimkubwa. "Mara chumvi, mara ungo. Chumvi nikampa palepale mlangoni."

Wiki ya tatu, jani lililodondoka juu ya mchanga lilikuwa limetoa mizizi, na kando yake kichipukizi kama punje ya mchele. Mimea yote ya sebuleni leo imetokana na ile mitatu.

"Alhamdulillah. Namshukuru Mungu, kisha Mfaume na huyu jirani yangu mwenye roho ngumu," anasema Mwanamkuu. "Nakula kwa jasho langu, na mgongo umepumzika."

Mwezi ujao anavuka kwenda Jibondo kumpelekea mmea mama yake, Bi Mwatima, ambaye hajapata kuotesha ua maishani mwake. Maji yalikuwa ya watu kunywa, si ya maua.

"Maua yake yalikuwa ya kwenye kanga tu," anasema. "Nilipompigia simu akaniuliza, huo mmea utakunywa kiasi gani? Nikamwambia vijiko viwili, mama, kwa wiki mbili. Akaanza kulia. Akasema, kumbe hata enzi zile maji ya ua moja yangepatikana."