Meza Aliyofungiwa Mama

Mama yangu ndiye aliyepika mkate wa Meza ya Bwana katika kanisa letu dogo la hapa Bunia, na kwa miaka sita aliupika bila ruhusa ya kuula. Waumini wote wanalijua jambo hilo. Sehemu yangu mimi ndiyo hawaijui.

Kanisa letu limebanwa katikati ya magaraji. Upande mmoja wanachomelea mapipa ya chuma ya kusagia mawe ya dhahabu, upande mwingine wanatengeneza pampu za kuvuta maji mashimoni. Kila kitu kinapelekwa kwenye machimbo na kinarudi kimevunjika. Siku za kazi husikii Neno la Mungu pale, unasikia nyundo. Siku ya yenga, yaani Jumapili, saa za ibada, nyundo zilinyamaza, na wanaume wale wale walikaa kwenye mabenchi wakiwa wamevaa mashati yao mazuri, na hata hayo mazuri yalikuwa na vitundu vidogo vya cheche. Vumbi la kutu liliingia madirishani wiki nzima. Jumamosi wamama wa zamu walifuta mabenchi, na maji ya ndoo yakawa mekundu.

Mama alikuwa mjane. Aliimba katika korali ya wamama tangu kabla sijazaliwa, na mkate ulikuwa kazi yake kwa sababu hakuna mwingine aliyeuweza. Alikanda unga wa ngano bila chachu, akauweka ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Wengine walipojaribu ulitoka mgumu kama kigae, au ulivunjikavunjika kwenye sahani. Wa kwake ulikatika vipande vidogo vya mraba, vyote sawa. Kingo alitugawia sisi, mimi na mdogo wangu, tukala tukiwa tumesimama mlangoni.

Mimi nilikuwa msomaji wa matangazo. Nilikuwa nimemaliza sekondari na sauti yangu ilifika benchi la mwisho bila mikro. Baada ya wimbo wa pili nilisimama mbele nikasoma: wageni, wagonjwa, ndoa zinazokuja, zamu za usafi. Niliipenda kazi hiyo, sitaficha. Niliporudi kukaa nilijua mama ananitazama kutoka upande wa korali.

Mdogo wangu alikuwa anapeleka chai na mandazi kwa mafundi wa garaji. Huko akajuana na fundi mmoja wa pampu, kijana Mwislamu, mtu wa mbali, ambaye wiki mbili alikuwa machimboni na wiki mbili mjini. Alikuwa mpole, hata salamu yake ilikuwa ya chini. Mdogo wangu akapata mimba.

Wengi katika kazi ile wangebadilisha namba ya simu. Yeye alikuja nyumbani na wajomba wake wawili, wamevaa kanzu safi, wakaketi sebuleni kwetu magoti pamoja kama watoto wa shule.

Akamwambia mama, "Mama, nilikosa. Nilipaswa kukuja kwako kwanza. Sasa nimekuja."

Mama aliinuka. Kisha akatoka, akakamata kuku, akamletea mjomba mkubwa pamoja na kisu. "Uchinje weye mwenyewe," akasema, "ili mukule."

Wakala. Baada ya mwezi wakaleta mbuzi wa mahari, mama akawapokea, na mdogo wangu akaenda kwa mumewe, mitaa miwili kutoka kwetu. Hakubadilisha dini yake na mume wake hakumlazimisha. Lakini ndoa haikupita kanisani, na habari ya kuku ilipita magaraji yote.

Kamati ya wazee ilimwita mama, nami nikaenda naye. Walikuwa wazee watatu na mchungaji. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao ndiye aliyetuchimbia kaburi la baba.

"Siye hatukukatazi kumupenda mutoto yako," mzee huyo akasema. "Tunaomba tu usimame mbele ya kanisa, useme ulikosea kumupokea ule muntu. Neno moja, tunamaliza."

"Walikuja mu nyumba yangu na heshima," mama akajibu. "Nikawapatia kiti. Sasa nitatubu kiti?"

"Mama, usicheke kanisa."

"Sicheki. Ninauliza."

Walimwomba mara tatu, naye mara tatu akasema hana cha kutubu. Mchungaji akafunga kitabu cha kamati. Akaeleza kwamba mama amefungiwa Meza, hataimba tena na korali, na atakaa benchi la nyuma mpaka siku atakayotubu. Mama akauliza jambo moja tu: "Na mukate?"

Wazee wakatazamana. Hawakuwa wamelifikiria hilo. Mwishowe yule mzee akasema, "Mukate iendelee. Mukate haina mubaya."

Jumamosi ile mchungaji akanipa karatasi ya matangazo. Katikati, baada ya ndoa na kabla ya zamu za usafi, palikuwa na jina la mama. Ningeweza kumwambia kwamba sitasoma. Ningeweza kwenda nyumbani nikamwonyesha mama kwanza. Nilikunja karatasi nikaiweka ndani ya Biblia. Nilijiambia kwamba mama alikuwa kwenye kamati, anajua tayari. Hakujua kwamba itasomwa, tena na mimi.

Siku ya yenga nikasoma. Nilipofika kwenye jina lake sauti yangu ikashuka, nikapita haraka kama mtu anayeruka mfereji. Mzee mmoja akainua mkono kutoka nyuma.

"Rudilia pale," akasema. "Hatukusikia."

Nikasoma tena, kwa sauti yote. Mama alikuwa bado amekaa na korali, na kitenge cha buluu cha korali kiunoni. Akasimama, akapita katikati mpaka nyuma, akakaa kwenye benchi la mwisho karibu na mlango.

Nyumbani alinipakulia sombe na wali kama kila siku ya yenga. Nilishindwa kula. Alipokuwa anaondoa sahani akasema, bila hasira yoyote, "Mara ya pili ulisoma vizuri." Hatukuzungumza tena habari ile kwa miaka sita.

Katika miaka hiyo aliendelea kupika. Siku ya Meza alileta mkate umefunikwa na kitambaa cheupe, akamkabidhi mzee wa zamu mlangoni, akaenda benchi lake. Sahani ilipopita, mzee aliiinua juu kidogo ilipofika kichwani pake, kama unavyopitisha sinia juu ya mtoto, kisha akaishusha kwa mtu wa pili. Nilikuwa nakaa mbele, lakini kila mara niligeuka nikatazama. Sijui kwa nini niligeuka.

Kila mwanzo wa mwaka wazee walimuuliza kama yuko tayari. Kila mwaka akawashukuru kwa kumkumbuka, akasema bado.

Mtoto wa mdogo wangu, msichana, alikua kwenye mgongo wa mama, akimwita koko, yaani bibi. Mama alimpeleka sokoni, alimfundisha kuhesabu kwa maharagwe. Alipoanza shule, darasa la kwanza, ndipo miguu ya mama ikaanza kuvimba. Kisha pumzi. Daktari akasema ni moyo. Tukamlaza hospitali, na mdogo wangu akawa analala naye, chini, kwenye mkeka, kwa sababu mimi nilikuwa nafundisha shuleni.

Nikaenda kwa mchungaji. Huyu alikuwa mpya, kijana, mtu mwema.

"Mimi ningemurudisha leo," akaniambia. "Lakini ni kamati. Wataketi Jumamosi. Wanahitaji neno moja tu toka kinywa chake."

"Na kama hatalisema?"

Sote wawili tulijua sheria. Aliyefungiwa Meza hawaingizi jeneza lake kanisani. Korali haiimbi. Wazee wanakuja kama majirani tu, wanakaa kwenye viti vya uwanjani, wanarudi.

Nikaenda hospitali. Mdogo wangu alikuwa ametoka kuchota maji. Nikapiga magoti kando ya kitanda nikamwambia mama kwamba ni sentensi moja tu, kwamba Mungu anajua moyo wake, kwamba sitaweza kumzika bila wimbo. Alinisikiliza. Alikuwa anavuta pumzi kwa kazi.

"Mama yangu," akasema, maana hivyo ndivyo alivyotuita sisi binti zake, "weye umechoka. Enda ukule kwanza."

Hilo ndilo alilosema, na hakuongeza.

Jumamosi nikaingia kwenye kamati.

"Amesema?" yule mzee akauliza.

"Amesema."

"Alisema namna gani?"

Mimi nilisoma maneno ya kanisa miaka yote ile, na maneno yalikuwa tayari mdomoni. "Alisema: nilikosea kumpokea yule mtu, naomba kanisa linisamehe."

Mchungaji akaandika. Yule mzee aliyemchimbia baba kaburi akatoa kitambaa akafuta macho. Walinipa mikono mmoja mmoja. Nilitoka nje nikiwa mwepesi. Nilifikiri nimemfanyia mama jambo jema, na kwamba jambo hilo limeisha ndani ya kitabu.

Mama alikufa Jumatatu asubuhi. Sikumwambia.

Jeneza likaingia kanisani. Magaraji yote mawili yalifunga kazi, na shemeji yangu akaja na mafundi wenzake wakasimama nyuma, kwenye ukuta, kwa sababu mabenchi yalijaa. Wamama wa korali walivaa vitenge vyao vya buluu na wakaimba, na kingine kama hivyo kilitandikwa juu ya jeneza. Nilikuwa nalia, lakini chini ya machozi nilikuwa nimetulia. Mdogo wangu alikuwa kando yangu na mtoto wake kwenye mapaja.

Ndipo mchungaji akasimama. Alitaka kumheshimu mama, najua. Akasema kanisa lina furaha katikati ya huzuni, kwa sababu mama yetu hakuondoka akiwa nje. Akafungua kitabu, akasoma siku ya kamati, akasoma maneno. Nilikosea kumpokea yule mtu. Kanisa lote likasema amina.

Mdogo wangu hakupiga kelele. Mtoto alimsogelea sikioni akamwambia kitu. Mama yake akamshusha chini, akamshika mkono, wakapita katikati ya kanisa mpaka mlangoni. Shemeji akawafuata, na mafundi nyuma yake. Makaburini hawakuonekana. Tulimzika mama sisi watu wa kanisa.

Haikupita miezi miwili wakahamia Marabo, ambako shemeji alipata kazi ya mashine ya kusaga unga. Si mbali, pikipiki inafika. Nilimpigia mdogo wangu simu mara nyingi. Alijibu moja, akasema yuko sawa, akakata.

Mwishowe nikaenda. Nilimkuta anafua uwanjani. Sikungoja kukaribishwa.

"Mama hakusema," nikamwambia. "Nilisema mimi."

Akaendelea kukamua nguo. "Ninajua. Nililala naye siku zote zile. Ulizani sijui?"

"Basi ulitoka kwa nini?"

Akaweka nguo kwenye beseni. Hakunitazama. "Mutoto aliniuliza pale kwenye benchi. Akasema, koko hakututaka?"

"Ukamujibu nini?"

"Nilimutoa inje."

Nikamwomba aniitie mtoto nimweleze kwamba bibi yake hakusema hivyo kamwe, kwamba alimpokea baba yake kwa mikono yake mwenyewe. Mdogo wangu akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Ulisema mbele ya kanisa yote," akasema. "Sasa unakuja kukanusha mu kiwanja, kwa mutoto mumoja? Enda useme kule."

Alikuwa na haki. Nilirudi Bunia, na wiki ile ile nikamwona mchungaji nikamwambia yote. Aliweka kalamu chini. Kisha akasema kwa upole kwamba wazee watalazimika kufungua jambo upya, kwamba watu watasema maneno juu ya kaburi, kwamba ni heri kumwacha mfu apumzike. Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo haraka, kabla hajamaliza, na hilo ndilo ninaloliona mpaka leo kuliko yote.

Niliacha kusoma matangazo. Nilitoa sababu ya koo. Kanisani bado naenda, nakaa popote penye nafasi. Kitabu cha kamati kiko ndani ya kabati la ofisi ya mchungaji, na ndani yake mama yangu ametubu.

Mtoto yuko darasa la nne sasa. Mwaka ukianza mama yake anampa simu anisalimie. "Jambo, mama mukubwa," anasema, kwa adabu, kisha ananiuliza habari za Bunia, nami ninamweleza mvua na barabara. Anasikiliza mpaka ninamaliza, anasema aksanti, na anamrudishia mama yake simu.