Mbuzi, Ngamia na Mashine ya Eksirei

Daktari wetu wa maumivu alikuwa na tabia mbaya ya kuniamini. "Wewe mpiga eksirei ndiye unayeisukuma mashine, wewe ndiye utakayechagua mpya," aliniambia, akarudi zake kwenye chai ya karaki, ile nzito ya maziwa na iliki. Kliniki yetu ilikuwa nyumba ya kuishi iliyogeuzwa, mtaa wa Al Thumama, huku ughaibuni, na mashine yetu ya eksirei ya magurudumu, ile yenye mkono uliopinda kama herufi C, ilikuwa imekufa. Bila hiyo daktari haoni sindano inaelekea wapi ndani ya mgongo. Na kuchoma mgongo wa mtu kwa kubahatisha, hapana, hata yeye hakuwa na wazimu huo.

Waliokuwa wanaisubiri mashine mpya walikuwa wengi, lakini mmoja nilimwona kila asubuhi: mlinzi wetu wa getini, Mganda, pande la mtu, anaziba mlango mzima. Mshipa wa fahamu ulikuwa umebanwa kiunoni mwake mpaka anatembea upande upande. Kampuni yake ya ulinzi ilishamwambia waziwazi kwamba asiyeweza kusimama zamu nzima hupandishwa ndege, na kwao kuna watoto wanaomtegemea. Hata salamu aliacha. "Dada, mashine inakuja lini?" Basi, ndiyo habari za asubuhi hizo.

Wakaja wauzaji wawili, kila mmoja na mashine yake na tende zake. Wa kwanza alinukia udi mpaka wagonjwa wakapiga chafya. Mashine yake nyepesi, naisukuma kwa mkono mmoja, inapita milangoni bila kugusa fremu. Jamani, niliipenda! La pili lilikuwa limashine lizito, linageuka kwa kununa kama mawifi. Na mgongo wangu mie si chuma. Kutwa nimevaa aproni nzito ya risasi ya kukinga miale.

Sasa, binadamu hapigwi eksirei kwa ajili ya maonyesho. Sisi desturi yetu ilikuwa mbuzi. Unakwenda kwa mchinjaji, mtaa wa Najma, unachukua mgongo mzima na mbavu zake, unaufunga plastiki, unaulaza kitandani kama mheshimiwa. Kwa nini mbuzi? Tusidanganyane: majaribio yakiisha anakuwa pilau.

Mbuzi akatoka vizuri kwenye mashine zote mbili, pingili moja moja. Nikajisemea, kazi imekwisha, nachukua nyepesi. Mara akaingia mlinzi kumwomba yule wa udi asogeze gari lake, macho yakamwendea kwenye kioo cha picha.

"Huyo nani?"

"Mbuzi."

Akacheka huku ameshika kiuno. "Eh! Huyo amepona. Na mimi je, dada? Mimi si mbuzi."

Daktari alicheka mpaka chai ikammwagikia. Mie sikucheka. Nilikasirika, wallahi, kwa sababu alisema kweli, mbuzi si mnene kama yeye, na kweli yenyewe ilikuwa inaninyang'anya mashine yangu.

Nikarudi kwa mchinjaji, nikaagiza kiuno cha ngamia, na nyama yake na mafuta yake yote. Akaniuliza kama nina harusi. Nikamwambia nina mgonjwa. Tulipokilaza, mashine nyepesi ikaonyesha ukungu mtupu. Muuzaji wa udi akabonyeza hiki, akabonyeza kile, jasho linamtoka, mwisho akasema eti ngamia ndiye mwenye kasoro. Limashine likanguruma kidogo, mfupa ukatoka wazi, kingo zote zinaonekana. Daktari akanitazama tu, shetani yule.

"Hili," nikasema. Nilitamani kulia.

Siku ya mlinzi nililisukuma huku nikilitukana matusi ya kwetu Tanga. Akalala kifudifudi. Sindano ikaingia, nikaiona kwenye kioo inapita kando ya mfupa mpaka pale penyewe, daktari akasukuma dawa.

"Unasikiaje?" akamwuliza baada ya muda.

Nikainama kumtazama usoni, kumbe amelala fofofo, mate yanamtoka, na hapo hapo akaanza kukoroma. Mtu ambaye kwa miezi alikuwa analala amekaa kwenye kiti.

Nje mgonjwa mwingine alikuwa anasubiri zamu yake. Daktari akaweka kidole mdomoni, akavuta kiti, akakaa. Nami nikabaki nimesimama na aproni yangu ya risasi, kiuno kinawaka moto, naogopa hata kusogeza gurudumu asije akaamka.